Dawa ya kupe imebaki kwenye nyama? Maabara inapima, daftari linakinga

Tuanze na jambo tunalolijua wote. Leo asubuhi kule Masisi tunawapulizia ng'ombe dawa ya kupe. Jioni mtoto anaugua, franka hazitoshi, na mnunuzi wa Goma anabisha hodi. Tunauza. Kesho ng'ombe anachinjwa. Ile dawa imeenda wapi?

Dawa kama cypermethrin zinapenda mafuta. Kiasi fulani kinapita ngozi na kukaa kwenye mafuta ya mnyama. Kingine kinaingia kwenye maziwa tunayotengenezea fromaji. DDT ndiyo iliyoifundisha dunia somo hili: inakaa mwilini miaka mingi, na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliiwekea mipaka mikali. Macho hayaoni masalia hayo, na tusitegemee kuyamaliza kwa kuchemsha nyama.

Maabara inapima hivi. Kipande cha mafuta, kwa mfano ya karibu na figo, kinakatwa kwa kisu safi, kinafungwa, kinaandikwa namba na tarehe, kisha kinasafirishwa kwenye barafu. Huko kinasagwa na kulowekwa katika kimiminika kinachovuta dawa, halafu mafuta yanatolewa. Kinachobaki kinaingia kwenye mashine ya kromatografia ya gesi. Kinageuka mvuke na kusukumwa ndani ya mrija mrefu, mwembamba. Kila dawa inatoka kwa wakati wake, na mashine inachora kilima. Kilima kikiwa kikubwa, dawa ni nyingi.

Jibu linakuja kwa miligramu katika kilo, na linalinganishwa na viwango kama vile vya Codex Alimentarius, vya FAO na OMS. Miligramu 1 katika kilo 1 ni sawa na gramu 1 katika tani nzima ya nyama!

Lakini mashine hiyo ni ya bei kali na inataka umeme usiokatika. Hatuwezi kumpima kila ng'ombe. Basi tuko na kazi yetu wenyewe:

- Tuandike kwenye daftari: ng'ombe gani, dawa gani, tarehe gani.
- Tusome etiketi: inasema siku za kungoja kabla ya kuchinja na kabla ya kutumia maziwa.
- Dawa ya nyanya ibaki shambani; tusimpake ng'ombe.
- Koperative iweke kasha ya dharura, ili mwenye mtoto mgonjwa akope leo, auze siku zikitimia.

Mnunuzi akiuliza, tumfungulie daftari.