Majitaka ya Zizi na Siku ya Mvua

Mfugaji anayechota samadi kwa toroli na kuipeleka migombani ataona ajabu kusikia kwamba huko Nyuzilandi kinyesi cha ng'ombe kinaweza kumfikisha mtu mahakamani. Tofauti inatokana na maji. Ng'ombe wa huko kwa kawaida hulala malishoni na huingia bandani kukamuliwa tu. Wakishatoka, sakafu huoshwa, na hesabu inayotumika sana ni lita 50 hivi za majitaka kwa kila ng'ombe kwa siku. Kundi la ng'ombe 400, ambalo kwa nchi hiyo si la kutisha, hutoa lita 20,000 kila siku. Uchafu huo haubebeki kwa toroli, na usipopangiwa pa kwenda utajitafutia njia hadi mtoni.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali ya 1991 ililishika jambo hili kwa namna ya pekee. Kwa jumla, mtu yuko huru kuitumia ardhi yake hadi kanuni imkataze. Kumwaga uchafu majini, au ardhini mahali unapoweza kufika majini, ni kinyume chake: kumekatazwa na kifungu cha 15 mpaka kuruhusiwe waziwazi. Ruhusa hiyo huweza kuja kama kibali cha baraza la mkoa, chenye masharti na muda usiozidi miaka 35, au kama kanuni ya mpango wa mkoa inayomwondolea mfugaji haja ya kibali mradi atimize masharti yake. Waikato, mkoa mkubwa wa maziwa, ulifuata njia hii ya pili: naitrojeni ya majitaka isizidi kilo 150 kwa hekta kwa mwaka, na kila mnyunyizo usizidi kina cha milimita 25. Wengi hudhani palipo na kibali ndipo penye ukali. Mimi naona si hivyo. Kanuni ya aina hii hupimwa kwa jinsi inavyomwezesha, na kumlazimisha, mfugaji kusubiri, badala ya kunyunyizia, siku ambayo udongo umeshiba maji.

Zamani mashamba mengi yalitegemea mabwawa mawili, la kwanza lenye kina na lisilo na hewa, la pili la maji mafupi, kisha maji yaliyotulia yakaachiwa kijito. Mabwawa hayo hupunguza uchafu unaokula oksijeni, lakini naitrojeni na fosforasi nyingi hupita nayo na kulisha mwani. Wamaori nao walikuwa na pingamizi lao la siku nyingi, kwamba kinyesi hakistahili kutiwa mtoni moja kwa moja bila kupita ardhini. Basi mikoa mingi ikasukuma majitaka yanyunyiziwe malishoni. Tatizo ni kwamba ng'ombe wengi wa huko huzaa mwishoni mwa majira ya baridi, kwa hiyo ukamuaji hupamba moto wakati udongo umelowa chepechepe. Unaweza kunyunyizia chini ya milimita 25, ukatii kanuni neno kwa neno, na majitaka yakashuka yakiwa karibu mabichi hadi kwenye mifereji iliyozikwa chini ya malisho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massey walionyesha kwamba kuyahifadhi hadi udongo ukauke kiasi hupunguza sana upotevu huo. Ndiyo sababu kikatengenezwa kikokotoo kinachotumia kumbukumbu za mvua na aina ya udongo kukadiria ukubwa wa bwawa linalofaa kila shamba.

Wafugaji husema bwawa lisilovuja ni ghali, na wana haki. Lakini kilichomo bwawani ni mbolea, ikiwemo potasiamu wanayoinunua dukani, na mabadiliko ya sheria ya 2009 yalipandisha faini ya juu hadi dola 300,000 za nchi hiyo kwa mtu binafsi na 600,000 kwa kampuni. Ukaguzi nao una mipaka. Waikato uliwahi kukagua mashamba kwa helikopta, wafugaji wakanung'unika, ila hata helikopta huona kilichomwagika saa ile tu. Bwawa dogo mno hujulikana kabla mvua haijanyesha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba naitrojeni nyingi inayopenya hadi kwenye maji ya chini haitoki bandani kabisa. Hutoka kwenye mikojo ya ng'ombe huko malishoni. Ni kweli, na hakuna bwawa litakaloizuia. Ndiyo maana kuzunguka ziwa Taupō kila shamba liliwekewa kikomo cha naitrojeni inayovuja, na tangu Julai 2021 mbolea ya viwandani haitakiwi kupita kilo 190 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Hilo haliipunguzii kazi kanuni ya bandani. Majitaka ya banda huja na bakteria wa kinyesi na amonia inayoua samaki, tena kwa wingi mahali pamoja, na pampu inayoyasukuma ina mtu wa kuizima.