Mpungate nyumbani: chunga vipande vyake

Kile kinachoonekana kama jani nene la mpungate si jani bali ni shina bapa. Majani yake halisi ni vijani vidogo vinavyochomoza kwenye bapa changa na kudondoka mapema. Shina ndilo ghala la maji, na vitundu vyake vya kupumulia hufunguka usiku, joto likiwa limepoa, ndiyo maana mmea huu wenye asili ya Amerika huvumilia kiangazi kirefu.

Kuupanda ni rahisi. Kata bapa lililokomaa kwenye kiungo, liweke kivulini wiki moja au mbili hadi kidonda kikauke, kwani likizikwa bichi huoza. Lisimamishe kwenye udongo wa kichanga usiotuamisha maji, theluthi moja tu iwe chini, na usimwagilie mpaka lishike mizizi. Mipungate ya nyumbani hufa zaidi kwa maji mengi kuliko kwa ukame.

Iweke mbali na njia na mahali wanapocheza watoto. Miiba mirefu utaiona na kuikwepa; korofi ni vile vijiiba laini kama nywele, vyenye ncha za kunasa, vinavyong'oka kwa kuguswa tu. Tunda lichumwe kwa koleo.

Ila uliza kwanza: ni mpungate upi? Huko Laikipia, Kenya, mipungate iliyoletwa enzi za ukoloni, ikiwemo Opuntia stricta, imetapakaa malishoni. Nyani na tembo hula matunda na kusambaza mbegu; mbuzi na ng'ombe wakila, vijiiba huwajeruhi mdomo na utumbo. Ilibidi aletwe mdudu kochinili aufyonze mmea. Australia nayo ilielemewa hadi ikaleta nondo wa Argentina, Cactoblastis cactorum, mwaka 1925.

Anayetaka mpungate atafute Opuntia ficus-indica isiyo na miiba, tena aupande kwa bapa, maana mbegu zake huweza kuzaa miche yenye miiba. Kama unapakana na malisho au hifadhi, mimi ningesema uache kabisa, upande mshubiri.

Na ukipogoa, usitupe mabapa jalalani wala korongoni: kipande kibichi kikigusa udongo huota. Yaanike juu ya saruji au bati mpaka yakauke kabisa, kisha yachome moto.