Wewe wa kucha, mkasi wako unaosha na nini?

Wadau, mimi nasafisha kucha na kupaka rangi hapa Morogoro, natembea na kikapu kutoka Msamvu mpaka Soko la Mawenzi.

Mwaka jana mama mmoja anayeleta mboga kutoka Mgeta nilimkata nyama ya pembeni ya kidole cha mguu. Damu kidogo tu, nikafuta na pamba. Kumbe ana kisukari na sikumuuliza. Kidole kikavimba, kikatoa usaha, akakaa wiki tatu bila kushuka sokoni.

Kuosha kwa sabuni tu hakutoshi. Virusi vya homa ya ini B vinaishi nje ya mwili siku 7 na zaidi. Sasa nafanya hivi:

- Vifaa vya chuma naosha, kisha naloweka dakika 10 kwenye Jik ya asilimia 3.5: kipimo 1 cha Jik, maji vipimo 6. Nasuuza, nakausha.
- Nina seti mbili. Moja ikiloweka, nyingine ipo kazini.
- Wembe mmoja, mteja mmoja.
- Nyama za pembeni sikati.
- Nauliza kwanza: una kisukari? Una kidonda?

Yule mama bado tunasalimiana, ila miguu hanipi tena. Haki yake.