Betri ya Chumvi, Chuma na Makaa

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, nyaya zinazoleta umeme kutoka mtambo wa maji wa Matebe ziliharibika, pampu za maji zikanyamaza, na watu wakashuka Ziwa Kivu na bidoni zao kuteka maji waliyojua vizuri kuwa si salama. Mji huu una maporomoko ya Rutshuru upande mmoja, gesi chini ya ziwa upande wa pili, na jua juu ya paa, lakini kinachoamua kama utaiona taa yako usiku wa leo mara nyingi ni betri iliyo chini ya meza.

Betri hizo nyingi bado ni za risasi, zile zile za gari. Ukipita kwa mafundi wa Birere utazikuta zimepangwa ukutani, nyingine zimevimba tumbo, nyingine zimeota unga mweupe kwenye vichwa. "Papa fundi, hii niliinunua mwaka jana tu," mteja atalalamika. "Mama, betri haina kosa. Munaimaliza yote kila usiku." Fundi anasema kweli. Betri ya risasi ikinyonywa hadi mwisho mara kwa mara, sahani zake hujifunika chumvi ngumu ya salfati isiyorudi tena kuwa umeme. Na nani Goma asiyeimaliza yote, umeme ukiwa umekatika tangu juzi?

Kwa hiyo betri ya sodiamu, inayovumilia kumalizwa yote, inatuhusu, ingawa habari zake hutufikia kama tishio: eti Wachina wamegundua betri ya chumvi, na kobalti ya Kongo itakosa mnunuzi. Kongo hutoa karibu robo tatu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na yote hiyo ni ya Lualaba na Haut-Katanga, si ya Kivu Kaskazini. (Koltani ya Rubaya, ambayo wengi hapa mjini huichanganya na mambo ya betri, hutengenezewa kapasita ndogo za ndani ya simu. Kwenye betri haimo.) Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha mauzo ya kobalti nje kwa kuwa bei ilikuwa imeanguka mno, na Oktoba ikaweka mgawo: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na kiasi hicho hicho kwa 2027. Bei ikapanda zaidi ya maradufu. Wenye viwanda vya betri wakapata sababu nyingine ya kuikimbia kobalti, na walikuwa wameshaanza kuikimbia zamani. Betri za lithiamu zilizojengwa kwa chuma na fosfati, ambazo sasa ndizo zinazotawala China, hazina kobalti hata chembe. Mshindani halisi wa sodiamu ni hizo. Kobalti iko pembeni ya ugomvi huo.

Sodiamu yenyewe haina shida ya kupatikana. Kenya inachimba magadi ya Ziwa Magadi kwa zaidi ya miaka 100. Chumvi ya Katwe, upande wa pili wa mpaka wa Uganda, imebebwa na wachuuzi wa eneo hili tangu kabla Mbelgiji hajachora mpaka wowote. Kazi ngumu iko kwenye ncha mbili za betri, yaani elektrodi, maana ndizo zinazohifadhi ioni. Ukichaji, ioni hutoka ncha chanya na kuhamia ncha hasi. Ukiwasha taa, hurudi. Ioni ya sodiamu ni nene kuliko ya lithiamu, na uzito wake ni zaidi ya mara tatu. Nyumba iliyojengwa kumpokea mgeni mdogo haimfai mkubwa.

Tuanze na ncha hasi. Katika lithiamu hiyo ni grafiti, nayo sodiamu haiingii ipasavyo. Utasikia ikielezwa kwamba ni kwa sababu ya ukubwa tu, lakini potasiamu ni kubwa zaidi na grafiti huipokea. Ugomvi ni wa kikemia, kati ya sodiamu na grafiti zenyewe. Jibu lilipatikana Halifax, Kanada, mwaka 2000, pale watafiti Stevens na Dahn walipochoma glukosi, sukari ya kawaida, wakapata kaboni ngumu: tabaka zilizopindapinda bila mpangilio, zenye vijitundu katikati. Iliweza kushika takriban miliampea-saa 300 kwa gramu. Kikomo cha grafiti kwa lithiamu ni 372. Si haba kwa sukari iliyoungua.

Tangu hapo watu wamechoma vifuu vya nazi, maganda ya mpunga, mbao, kila kitu. Mtu wa Goma akisikia hivyo anafikiria gunia la makala lililo jikoni. Haliwezi kutumika jinsi lilivyo. Makaa ya kupikia yameiva kwenye moto mdogo tu, na yamejaa majivu na madini mengine, wakati kaboni ngumu hutaka zaidi ya nyuzi 1,000 bila hewa, na malighafi iliyosafishwa kwanza. Ugumu mwingine unaonekana siku ya kwanza ya kuchaji: sehemu ya sodiamu hunaswa kwenye kaboni na hairudi tena, na maabara nyingi zinahangaika kupunguza hasara hiyo tu. Kama siku moja mtu atajaribu jambo hili huku kwetu, nashauri aanzie kwenye maganda ya kahawa. Makaa ya miti ya Virunga yameshalipia bunduki za kutosha.

Ncha chanya ina koo tatu. Ya kwanza ni oksaidi za tabaka, zenye chuma, manganizi na mara nyingi nikeli. Hizi hubeba umeme mwingi, lakini unyevu wa hewa huziharibu hata kabla hazijaingia kwenye betri. Ya pili ni ndugu za rangi ya buluu ya Prussia, ambayo wachoraji wa Ulaya waliitumia tangu karne ya 18: chuma, kaboni na nitrojeni, rahisi kutengeneza, ila maji hujificha ndani ya fuwele na kuyatoa ni kazi. Ya tatu ni chuma na fosfati. Hii hubeba kidogo kuliko oksaidi, lakini fuwele yake ni imara na huvumilia maelfu ya mizunguko. Ningekuwa na fedha za kuweka betri karibu na mtambo wa jua wa Nuru pale Ndosho, wa megawati 1.3, uliozinduliwa 2020, ningechagua hii bila kusita. Betri inayokaa sakafuni haijali uzito. Dereva wa pikipiki atajali, kwa hiyo yeye asubiri.

Kuna faida moja ambayo wauzaji huitaja harakaharaka, ingawa kwetu ndiyo kubwa. Katika betri ya lithiamu, ncha hasi hupakwa juu ya karatasi ya shaba, na betri ikishuka kupita kiasi shaba hiyo huanza kuyeyuka. Sodiamu, tofauti na lithiamu, haiungani na alumini, kwa hiyo ncha zote mbili hukaa juu ya alumini. Matokeo yake unaweza kuimaliza mpaka volti sifuri, ukaipakia kwenye lori, ukaivusha mpaka na kuipitisha kwenye barabara zetu ikiwa haina nguvu ya kuwasha moto. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa baada ya vita vya Januari 2025. Kila betri inayokuja kwa barabara ina safari ya kutikisika. Kwa Katanga, inayochimba shaba pia, habari ni chungu kidogo, kwani karatasi ya shaba nayo imeondolewa.

Kuhusu bei, bado. Kampuni ya China ya CATL ilitangaza betri yake ya kwanza ya sodiamu mwaka 2021, ya wati-saa 160 kwa kilo, na 2025 ikafika 175. Jimbo la Hubei, China, lilianza kutumia ghala la umeme la betri za sodiamu, la megawati-saa 100, mwaka 2024. Lakini lithiamu iliyokuwa ghali kupindukia mwishoni mwa 2022 ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80, na waliotegemea ughali wake wakaumia. Northvolt ya Sweden, iliyokuwa na matatizo mengine mengi pia, ilifilisika Machi 2025. Natron ya Marekani, iliyotumia buluu ya Prussia, ilifunga milango Septemba mwaka huo huo.

Betri za sodiamu zikifika Birere, mafundi watakutana na jambo ambalo matangazo hayalisemi. Betri ya sodiamu ya "volti 12" ikijaa hukaribia volti 16, na ikishuka hadi 8 bado ina umeme ndani. Inveta nyingi za kawaida hujizima kwenye 10 na nusu, maana zilitengenezwa kwa ajili ya risasi. Mama yule yule ataunganisha betri mpya na inveta ya zamani, taa itazima mapema, naye atarudi kwa fundi akisema ameuziwa ovyo. Chuma na fosfati hupunguza tatizo hilo, kwa sababu volti zake hazipandi na kushuka sana. Halimaliziki, kwa kuwa kaboni ngumu ya upande wa pili ina mteremko wake, na kuunyoosha mteremko huo bado ni kazi ya maabara.