Mabingwa Wengi, Wapinzani Wachache

Bingwa ni nani? Katika Kiswahili chetu ni mtu aliyewashinda wenzake. Lakini hapa Texas, ambako hata shule za sekondari zina timu za pawalifti, za wavulana na za wasichana, si ajabu kumkuta Missouri City bingwa ambaye siku ya mashindano alikuwa peke yake katika daraja lake.

Mchezo wenyewe una minyanyuo mitatu: kuchuchumaa na chuma mabegani kisha kusimama, kukisukuma juu ukiwa umelala chali kwenye benchi, na kukiinua kutoka sakafuni.

Sasa tufanye hesabu. Shirikisho la kimataifa, IPF, lililoanzishwa mwaka 1972, lina madaraja makuu manane ya uzito kwa wanaume, kuanzia kilo 59 hadi zaidi ya kilo 120. Zidisha kwa makundi saba ya umri, tangu vijana wa miaka 14 hadi wazee wa 70 na zaidi: angalau mataji 56. Wanaovaa mavazi ya kubana yanayowasaidia kunyanyua hushindana mbali na wasioyavaa: 112. Kuna pia mashindano ya benchi peke yake: 224. Hao ni wanaume tu, tena katika shirikisho moja. Marekani ina mashirikisho mengi, na kila moja lina mabingwa wake. Mwaka 2021 IPF ilipoachana na USA Powerlifting, nafasi ilichukuliwa na Powerlifting America, na "bingwa wa taifa" akaongezeka tena.

Hatusemi madaraja yafutwe. Mtu wa kilo 59 hawezi kupambanishwa hivi hivi na wa kilo 120, na bibi wa miaka 70 anastahili kushindana na wa rika lake. Migawanyo hiyo inatokana na mwili, nayo ni ya haki. Ile ya mashirikisho inatokana na ugomvi wa viongozi.

Njia nyingine ipo. Mwaka 2022, Birmingham ya Alabama iliandaa Michezo ya Dunia, ambako madaraja yaliunganishwa yakawa manne kwa kila jinsia, na alama zikazingatia uzito wa mnyanyuaji. Mwaka huohuo, Birmingham ya Uingereza iliandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola. Huko wanyanyuaji wenye ulemavu walikuwa na madaraja mawili tu kwa kila jinsia. Mkenya Hellen Wawira, ambaye kwenye Paralimpiki hushindana katika daraja la kilo 41, aliwekwa pamoja na wanawake waliomzidi uzito, akapata shaba. Kwetu sisi, shaba hiyo ina thamani kuliko dhahabu nyingi zisizo na mpinzani.

Kwa hiyo mwanachama akituletea habari ya taji, tumpongeze, kisha tumuulize: ulinyanyua kilo ngapi, na ulishindana na wangapi? Majibu hayo mawili ndiyo tungependa kuyachapisha humu.