Kabla ya bati, mtaro
Huku Fizi na Baraka, Kivu Kusini, nyumba haitishwi na theluji bali na masika, yanayoanza kati ya Septemba na Oktoba. Wengi hukimbilia bati jipya, ilhali ukuta wa matofali mabichi huliwa kuanzia chini: maji yanayodondoka kutoka paani hurusha tope ukutani, udongo hulowa, humomonyoka, ukuta ukainama. Kwa hiyo mtaro na msingi wa mawe vitangulie bati. Utaambiwa saruji ya msingi ni ghali. Kweli, lakini mtaro hudai jembe tu, na kurefusha ukingo wa paa hudai miti michache. Pingamizi zito zaidi ni kijiji cha Kasaba, hapa Fizi, Mei 2025, mafuriko yalipoua makumi ya watu: hapo mtaro haufui dafu. Nyumba ya kando ya mto huandaliwa kwa kuhamishwa, kiangazi kingalipo.