Upeo wa Mashine

Watoto wa kisiwa cha Ukerewe wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Jioni wavuvi wa dagaa wanapotoka na karabai zao, mtumbwi huenda, huenda, mwisho unatoweka machoni. Haujazama. Umevuka upeo. Macho ya mtoto aliyesimama mchangani hufika kilomita 4 hivi tu juu ya maji, kwa kuwa dunia ni duara. Akipanda kilima chenye urefu wa mita 100 kutoka ziwani, ataona mpaka kilomita 36 hivi. Ziwa ni lilelile na mtumbwi ni uleule. Kilichobadilika ni mahali alipopanda.

Sasa sikilizeni habari ya Hans Berliner, aliyeukuta upeo kama huo ndani ya mashine. Alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1929, akahamia Marekani na wazazi wake akiwa mtoto, na huko akaupenda mchezo wa sataranji, ule ambao vijana wengi huuita chesi. Zamani zile watu waliokaa mbali walicheza kwa barua. Unaandika hatua yako moja kwenye kadi, unaipeleka posta, unasubiri. Baada ya wiki kadhaa jibu linakuja, na muda wote huo ubao umekaa mezani unakutazama. Fainali ya ubingwa wa dunia wa sataranji kwa barua aliyoingia Berliner ilianza mwaka 1965 ikaisha mwaka 1968. Alipata pointi 14 kati ya 16, akawa bingwa.

Mchezo unaokumbukwa zaidi ni ule aliocheza na Yakov Estrin wa Moscow, aliyeshika kete nyeupe. Berliner alimwacha farasi wake aliwe na askari. Kisha mfalme wake akashambuliwa, ikabidi asogee, akapoteza nafasi ya kujificha pembeni nyuma ya askari wake. Ukihesabu kete, Berliner yuko taabani. Tena kwenye hatua ya 14 ngome ya Estrin ilikuwa tayari kuliwa. Badala ya kuila, Berliner akasogeza ngome yake mwenyewe taratibu hadi mraba wa b8, kana kwamba ana siku zote za dunia. Faida ya hatua ile ilionekana baadaye sana, na mwishowe Estrin akashindwa. Mimi hatua tulivu kama hiyo hunisisimua kuliko malkia anayekula kila kitu.

Berliner hakuishia hapo. Akaingia chuo kikuu cha Carnegie Mellon kusomea kompyuta, na mwaka 1973 akaeleza udhaifu wa mashine zinazocheza sataranji. Akauita tatizo la upeo. Mashine hutazama mbele hatua kadhaa, kisha inasimama na kuhesabu: askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Ikiona malkia wake ataliwa hatua ya nane, na macho yake yanafika hatua ya nane, hutoa askari bure ili adui apoteze muda kumla. Sasa malkia ataliwa hatua ya kumi. Mashine haioni tena hatari, ikaamini imeokoka! Hatari iko palepale, ila imesukumwa nyuma ya upeo. Baadaye yeye na wenzake walitengeneza mashine iitwayo HiTech, na mwaka 1988 ikamshinda Arnold Denker, bingwa mwenye cheo cha juu kabisa cha sataranji.

Ndiyo maana wanaozipima programu za sataranji hawazipi maswali mepesi. Hutafuta hali ngumu, nyingine kutoka michezo ya barua, kwa sababu huko mtu alikaa na hatua moja kwa siku nyingi. Programu mbili hupewa hali ileile, muda uleule, kwenye kompyuta ileile. Mpimaji haangalii tu kama hatua sahihi imepatikana. Anaangalia imepatikana baada ya muda gani, na namba inayoonyesha nani anaongoza imebadilika lini. Programu ikikataa kuiona, anaicheza hatua ile mwenyewe, kisha anaitazama programu: je, sasa inashtuka? Ikishtuka, maana yake upeo wake ulikuwa karibu mno. Isiposhtuka, huenda mtu aliyesifu hatua ile ndiye aliyekosea, na hilo nalo hutokea.

Bao letu nalo limewahi kuchunguzwa. Mwalimu Nyerere alilipenda sana, na Wasukuma wana mchezo wao wa jamii hiyo, isolo. Alexander de Voogt alichunguza jinsi mafundi wa bao wa Zanzibar wanavyofikiri, na mwaka 1995 akaandika kitabu juu yao. Mwaka 2002 Jeroen Donkers na mwenzake wakaandika, kule Uholanzi, jinsi ya kuifundisha kompyuta bao. Kazi si ndogo: hatua moja ya bao yaweza kuzunguka ubao mara kadhaa kabla ya kulala, na kete nyingi kati ya zile 64 zikabadili makao.

Basi nawapa mtihani mmoja, uliotolewa mwaka 2017 na taasisi ya mwanasayansi Roger Penrose. Weupe: mfalme e2, askari a2, b3, c4, c6. Weusi: mfalme a6, malkia a5, ngome a4 na b5, maaskofu e5, f4 na g3, askari a7, b6, c5, b4, a3. Weupe wanaanza. Programu nyingi za wakati ule zilisema weusi wanashinda kwa mbali. Lakini maaskofu wote watatu wanatembea kwenye miraba myeusi, na malkia na ngome zimefungiwa nyuma ya askari. Mfalme mweupe akibaki kwenye miraba myeupe hakuna wa kumgusa, na mchezo ni sare, mradi askari weupe wasishawishike kula ngome na kufungua mlango.

Lipangeni fumbo hili kwa mkono kwanza, mlitazame mpaka mlielewe. Kisha liwekeni kwenye Stockfish, programu ya bure inayopatikana hata kwenye simu, muiachie dakika kumi, na mwandike daftarini inasema nini.